Mdomo wa Pili wa Kinue

Gari la maiti lilikuwa limeshaanza kutembea. Dereva alibonyeza honi akaishikilia bila kuiachia, na ule mlio mrefu ukapanda mlimani mpaka theluji ikaporomoka kutoka kwenye matawi ya misugi, mierezi ya milima ile. Watu wote waliokuwa uwanjani wakainama. Inspekta Hatakeyama naye akainama, kofia mkononi, upara wake ukiumwa na baridi.

Kwenye kiti cha mbele alikaa Nahoko, binti pekee wa marehemu, amepakata kibao chenye jina jipya ambalo kasisi wa hekalu alimpa baba yake kwa safari ile. Hakutazama kushoto wala kulia. Nyuma yake, ndani ya jeneza, alilala Mzee Asari Tokuji, mwenye nyumba ya kuogea ya Nigorisawa, aliyekutwa amekufa Jumanne asubuhi ndani ya kibanda cha chemchemi.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakupata shida. Ilikuwa gesi ya chemchemi, ile inayonuka yai viza ikiwa kidogo na isiyonuka kabisa ikiwa nyingi, kwa sababu pua hufa kabla ya mwenye pua. Theluji ilikuwa imeziba bomba la kutolea hewa. Sarafu za shaba mfukoni mwa mzee zilikuwa zimegeuka nyeusi kama makaa.

Aliyebaki kutafutwa ni mwenye kosa. Na polisi wa makao ya wilaya walikwisha kumpata.

"Afande Hatakeyama!"

Alikuwa Mama Tozawa, mhudumu wa nyumba ile ya kuogea tangu enzi na enzi. Alivaa nguo nyeusi za msiba kama wengine, lakini alisimama peke yake kando ya rundo la theluji. Ukoo ulikuwa umemwambia asikae mstarini.

"Pole, Mama Tozawa."

"Pole nimeshiba. Kesho faili langu linakwenda kwa mwendesha mashtaka, sivyo?"

"Ndivyo."

"Uzembe uliosababisha kifo. Nimelisema neno hilo kinywani mpaka limekuwa chungu. Wanasema kioo cha mashine ya chemchemi kilitoa onyo la gesi nami nilikuwa nimelala. Afande, wewe unanijua. Mimi hulala kazini?"

"Wewe? Hata ukilala nyumbani mumeo analalamika kwamba hunyamazi."

Mama Tozawa alimsogelea. "Basi nisikilize. Kioo kilikuwa kimya. Jumatatu kimya, Jumanne asubuhi kimya."

Sajini Mikami, kijana mrefu aliyeletwa milimani kutoka Yokohama na bado hajaipatia miguu yake viatu vya kufaa, akasogea. "Lakini mama, kioo tulikijaribu Jumanne ile ile mchana. Tulipeleka gesi kidogo kwenye kipimo, kikalalamika papo hapo. Nilikuwepo."

"Wewe mtoto wa Yokohama, nakuambia habari za asubuhi unanijibu habari za mchana!"

"Mashine haibadiliki asubuhi na mchana, mama."

"Na soksi zako je? Asubuhi zilikuwa kavu."

Inspekta alivaa kofia. Kwenda kuchoma maiti, kusubiri moto, kuokota mifupa, hiyo ilikuwa shughuli ya nusu siku. Angeweza kuwafuata baadaye.

"Hebu tuingie ndani," alisema. "Mikami, futa viatu."

*

Chumba cha chini kilikuwa vile vile. Hilo ndilo lililomchoma Hatakeyama. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa mahali pake, na juu yake maganda ya machungwa yaliyokaushwa ili yatoe harufu. Kulikuwa na viti viwili vyenye mito iliyoshonwa kwa mkono. Na ukutani ilikuwa ile mashine, kompyuta kubwa kama kabati la nguo, na mezani kioo chake chenye maandishi ya kijani.

Miaka mingi nyuma, alipokuwa konstebo wa kituo kidogo cha kijijini, Hatakeyama alishuka humu kila alipopata kisingizio. Nje theluji ilifika madirishani, humu kulikuwa na chai, figili ya kukaushwa kwa moshi, na Bi Kinue.

Kinue, mke wa Tokuji, aliwahi kufanya kazi kwenye chuo kikuu huko Sendai, chumba cha mashine. Chuo kilipotaka kuitupa hiyo kubwa, yeye akaiomba. Ilipanda mlima juu ya lori la kabichi, imefunikwa magodoro kama mgonjwa. Wanakijiji walicheka wiki nzima. Kisha Kinue akaunganisha waya kutoka kwenye vipimo vya chemchemi, na watu wakaacha kucheka. Joto la kila bwawa lilianza kuonekana kwenye ubao wa taa pale mapokezi, bila mtu kutumbukiza mkono.

Mwanzoni palitokea vituko. Programu ile ilitoa joto la maji na malalamiko yake yote kupitia njia moja, na yote yakaenda kwenye ubao. Wageni kutoka Tokyo, wamevaa yukata, zile kanzu nyepesi za kuogea, taulo begani, wakasoma: BWAWA LA WANAWAKE NYUZI ARUBAINI NA MBILI. BOMBA LA MASHARIKI LIMEZIBA. TOKUJI, ACHA KUSINZIA.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Tokuji hakupanda mapokezi siku mbili.

"Kumbe mashine ina midomo miwili," Kinue alimweleza konstebo, akimenya chungwa. "Wa kwanza unatoa kazi. Wa pili unalalamika. Mimi nilikuwa nimeuacha wa pili bila kazi. Tazama." Akamwonyesha kwenye kioo. Mwisho wa kila karipio alikuwa ameongeza alama zile zile: >&2. "Hii inaliambia neno, wewe pita mlango wa pili. Sasa joto litapanda juu kwa wageni. Ugomvi utabaki humu chini, baina yangu na mume wangu."

Na ugomvi ulikuwepo. Kila kosa Kinue aliliandikia karipio lake, kwa lafudhi ya mlimani, kama alivyokuwa akisema mwenyewe. Hatakeyama alikumbuka siku aliyoruhusiwa kuigusa kibodi. Aliuliza habari za kipimo kisichokuwepo. Kioo kikamjibu: HICHO UMEKIOTA. NAWA USO UANZE UPYA. Alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Kinue alikufa kwa saratani. Jumapili iliyopita, siku mbili kabla ya kifo cha mumewe, ukoo ulifanya ibada ya mwaka wa tatu.

"Mzee alikuwa akifanya nini humu?" Inspekta aliuliza.

Mama Tozawa alikaa kwenye ngazi. "Afande, ni aibu kusema."

"Sema."

"Alikuwa akikosea makusudi. Anashuka asubuhi na chai yake, anaandika upuuzi. Kioo kinamkaripia. Naye anajibu! 'Haya mama, nimesikia, mama.' Anacheka peke yake. Chakula cha mchana anakula akiitazama. Nilimwambia, mzee, mkeo alipokuwa hai ulikimbilia mtoni kuvua ili asikukaripie. Akaniambia, 'Ndiyo maana. Nina deni la kukaripiwa.'"

Sajini Mikami aliacha kuchezea soksi zake.

"Na Jumanne?"

"Jumanne alipanda juu uso umemshuka. Akaniuliza, 'Kinue amesema na wewe leo?' Nikasema hapana, tangu jana. Akasema, 'Nami vivyo hivyo. Amenuna. Labda ibada haikumpendeza.' Nikamwambia theluji imeanguka nyingi, usiende kibandani. Akasema, 'Kungekuwa na gesi angesema. Hata akinuna, hilo angesema.' Akachukua koleo akaenda kuzibua bomba." Alifuta pua kwa kiganja. "Mimi nikamwacha aende. Kama ni kosa, kosa langu ni hilo. Lakini sikulala."

*

Inspekta alizunguka mashine, mikono nyuma.

Wilayani waliona jambo moja tu: mashine iliyojaribiwa mchana ilitoa onyo, kwa hiyo asubuhi pia ilitoa, kwa hiyo mwanamke huyu mwongo. Lakini Tokuji naye alisema ilikuwa kimya. Maiti haina sababu ya kumtetea mhudumu.

"Asubuhi ile, ubao wa mapokezi ulikuwa ukifanya kazi?"

"Vizuri kabisa. Joto lilikuwa likibadilika kama kawaida. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka."

Mdomo wa kwanza unasema, wa pili umezibwa. Mashine mbovu hainyamazi nusu. Mtu aliuziba, kisha akauzibua kabla ya polisi kufika na chupa yao ya gesi.

"Mikami, panda mapokezi. Usiondoe macho kwenye ubao. Ukiona lolote, nipigie kelele."

"Lolote kama lipi, afande?"

"Ningelijua nisingekutuma."

Kijana alipanda. Hatakeyama alikaa kwenye kiti cha kushoto, kile alichokuwa akikalia zamani. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini vilikumbuka. Programu ile ilikuwa mfululizo wa maagizo tu, na haikujali ulichoibadilishia mpaka uisimamishe na kuianzisha upya. Aliisimamisha. Akaianzisha.

Juu ngazini Mikami akapaza sauti. "Afande! Inaniambia KARIBUNI, MMETOKA MBALI, VUENI VIATU!"

"Ni salamu ya Bi Kinue. Hutokea mara moja tu, mashine inapoanza."

Kisha hatua zikashuka ngazi mbili mbili, na Mikami akatokea.

"Afande, mimi nimeisoma hiyo kabla ya leo. Jumanne. Ndiyo nilikuwa naingia mlangoni, wanamtoa mzee kibandani. Nikasema moyoni, hata nyumba yenye msiba inanidai viatu. Nilivivua."

"Una uhakika ni maneno yale yale?"

"Nilisimama na soksi zilizolowa, afande. Siwezi kusahau."

Inspekta alimgeukia Mama Tozawa. "Wakati ule, wanamtoa mzee, nani alikuwa ndani ya nyumba?"

"Hakuna. Sote tulikuwa uwanjani, tumeshika machela. Isipokuwa..." Alisita. Mkono wake ukaenda mdomoni. "Nahoko alikimbilia ndani kumletea baba yake blanketi."

"Akaleta?"

"Alirudi mikono mitupu. Nilivua koti langu nikamfunika mzee."

Jiko lilikuwa limezimwa, na chumba kilianza kunuka ubaridi wa mawe.

"Nani mwingine aliijua lugha ya mashine hii?"

"Mzee hakujua zaidi ya kukosea," alisema Mama Tozawa. "Mimi najua kufuta vumbi. Nahoko alifundishwa na mama yake tangu hajaota meno ya mbele."

*

Chumba cha kusubiria pale penye tanuru la kuchomea maiti kilikuwa na joto kupita kiasi. Ndugu walikunywa chai, wakatafuna biskuti za mchele, wakazungumza habari za barabara kufungwa. Nahoko alikaa peke yake dirishani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye pua ya Kinue.

"Pole, Bi Nahoko."

"Asante kwa kuja, Afande. Mama alikupenda. Alisema wewe ndiye polisi pekee anayekubali kukaripiwa."

Inspekta alikaa. Mikami alisimama mlangoni, akijifanya anasoma tangazo.

"Jumanne ulikwenda kuleta blanketi."

"Ndiyo."

"Ulirudi bila blanketi."

"Nilichanganyikiwa."

"Blanketi ziko kabati la mapokezi. Kwa nini ulishuka chini?"

"Nani amesema nilishuka?"

"Ubao. Ulisema karibuni. Sajini wangu aliusoma akiwa anavua viatu."

Nahoko alimtazama yule kijana mrefu, kisha miguu yake. Mdomo ulimcheza.

"Mama yangu huyo," alisema taratibu. "Hata kumkaribisha polisi aliweka."

"Jumapili uliongeza kitu. Jumanne ukakiondoa."

"Afande, baba yangu hajaungua bado."

"Najua. Na kesho Mama Tozawa anapelekwa kwa mwendesha mashtaka."

Alifumba macho. Kwenye chumba kile ndugu mmoja alicheka kitu, akajikumbuka, akakohoa.

"Maneno machache tu," alisema Nahoko. "Mwisho wa mstari unaoianzisha programu. Namba mbili, mshale, na jina la lile shimo la mashine, ambalo kila kinachoingia hakitoki." Akaandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo cha dirisha: 2>/dev/null. "Kazi yenyewe ya dakika moja. Mama alinionyesha nikiwa msichana. Alisema, hii usiitumie kamwe, ni uvivu wa mtu asiyetaka kuambiwa."

"Kwa nini uliitumia?"

"Kwa sababu sikutaka kuambiwa!" Ndugu waligeuka. Akashusha sauti. "Nilikuja kwa ibada. Nilikuwa na tikiti mbili za treni, yangu na ya baba, aje kuishi nami Sendai, apate jua. Nikamkuta chini. Anakula wali akimtazama mama. Namwita, hageuki. Kioo kikimwita mpumbavu, anacheka. Kasisi anasoma sala juu, yeye ameshuka chini kukosea! Mbele ya jamaa zote!"

"Ukakasirika."

"Niliona wivu." Alilisema neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Utoto wangu wote mama alikuwa chumba kile. Nikirudi shule, naona mgongo wake. Mimi hakunikaripia hata siku moja, Afande. Hakuwa na nafasi. Makaripio yote aliyaandika humo, kwa ajili ya baba. Nikasema, nikimnyamazisha siku chache, baba atalia kama watu wanavyolia, atachoka, atakuja nami. Nilidhani nimeziba matani tu."

"Na gesi?"

"Nilidhani onyo la gesi linapanda kwenye ubao, pamoja na joto. Kwa akili yangu, jambo la maana linapita mlango wa mbele. Mama hakuwaza hivyo. Kwake mlango wa mbele ni wa wageni, wasitishwe. Onyo aliliweka pamoja na ugomvi wao. Mlango wa pili ulikuwa wa nyumbani."

Aligeukia dirishani.

"Walipomkuta, nilikimbia chini. Si kuficha. Nilitaka kujua kama angesema. Nikafuta maneno yangu, nikaianzisha. Ikasema hapo hapo. Baba amelala juu ya theluji, na kioo kimejaa, mstari baada ya mstari: TOKUJI, GESI. USIENDE. UKIENDA SITAKUPIKIA. TOKUJI, GESI. USIENDE."

Hatakeyama hakuandika. Alitazama bomba la moshi nje ya dirisha, mahali moshi mwembamba ulipokuwa ukipinda kuelekea bondeni.

"Jumanne mchana polisi walijaribu kioo. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Mama Tozawa alilia mbele yako kwamba kilikuwa kimya."

"Nilikuwepo."

"Ukamwacha."

"Nilijiambia, baada ya mkesha nitasema. Baada ya mazishi. Baada ya mifupa. Kila mara palikuwa na baada." Alifuta maandishi kwenye kioo kwa mkono wa kimono. "Yeye ndiye aliyekuwa akinipokea nikirudi shule. Ananikata nywele. Na bado nilimwacha. Andika hilo, Afande. La kuziba mdomo linaweza kuitwa bahati mbaya. Hili siyo."

Mfanyakazi wa tanuru, amevaa glavu nyeupe, alifungua mlango na kuinama. Tayari.

Nahoko alitazama Inspekta. "Twende sasa?"

"Kaokote mifupa ya baba yako kwanza," alisema Hatakeyama. "Mimi nina chai ya kumaliza."

Alikwenda. Mikami akakaribia, akanong'ona, "Afande, akikimbia?"

"Na mifupa ya baba yake mkononi? Kaa chini, kunywa kitu cha moto."

*

Nahoko alitoa maelezo yake kituoni jioni hiyo na hakubadilisha hata neno mahakamani. Alihukumiwa kifungo kwa uzembe uliosababisha kifo na kwa kuharibu ushahidi, lakini kifungo kikaahirishwa kwa sharti asikosee tena. Alirudi Sendai. Anafundisha hesabu shule ya jioni.

Faili la Mama Tozawa halikwenda kwa mwendesha mashtaka. Kesho yake Inspekta alimpelekea habari mwenyewe. Mama Tozawa akamwuliza kama Nahoko amekula. Sasa ni mhudumu wa nyumba nyingine ya kuogea, karibu na stesheni, na ameizoea. Kwa Nahoko hajaandika, na Nahoko hajamwandikia.

Sajini Mikami alipandishwa cheo akahamishiwa pwani.

Inspekta Hatakeyama alistaafu mwaka uliofuata. Anakaa na mwanawe wa pili, analima figili.

Nyumba ya kuogea ya Nigorisawa ilifungwa, kibanda kikabomolewa na halmashauri. Maji ya chemchemi yanatiririka mtoni.

Mashine ilikaa ghala la vielelezo mpaka kesi ilipokwisha, ikarudishwa kwa Nahoko. Ipo sebuleni kwake, imefunikwa godoro. Haijawashwa.